Swali la Tisa

"Taja kila mahali ulipoishi. Usiache pengo."

Igogo, chumba cha Mama Nyabise, miaka minne.
Mabatini, hadi mvua ilipobeba ukuta.
Kirumba, kwa shemeji. Naandika "mpangaji",
nafuta,
naandika "mgeni".

Kisha miezi saba ya Goziba.
Nilianika dagaa, nikalala chini ya turubai;
nyumba hazikuwa na namba.
Karani Lubango ananong'ona dirishani:
"Ruka hapo. Nani atauliza?"

Mwanangu atauliza.
Huko ndiko alikoota jino la kwanza.

Mtaa: mwambani, upande wa jua la asubuhi.
Tarehe ya kuondoka: mbalamwezi ya Machi,
karabai zote zilipozimwa.

Kisanduku hakitoshi. Herufi zangu zinapanda pambizoni,
zinamaliza kusema kweli huko.