Dagaa Bila Mchanga

Mimi naitwa Bukuru,
wa kwanza kuona nuru;
kisa hakina ushuru,
nakileta toka Mwanga.

Butoyi, pacha wa pili,
mdogo kwa saa mbili,
macho yake ni makali,
huhesabu hata chenga.

Jioni ya Ijumaa
bibi kapika dagaa
kwa mawese yanong'aa
na ugali wa kusonga.

Tonge la kwanza, salama;
la pili, bibi kakwama;
"kru!" jino likalalama
lilipogonga mchanga.

Kalitema kiganjani,
akatutazama: "Nani
aniuzia, jamani,
bei ya mboga, mchanga?"

Kicheko kikanijaza,
Butoyi akanyamaza;
nikajua anawaza,
kichwani ameshapanga.

Jumamosi, Kibirizi,
kawakuta wachuuzi;
dagaa walala wazi
chini tupu, kwenye mchanga.

Kwa fagio wanazoa,
hakuna wa kuopoa;
sado ikijaa, poa!
Nani atakayechunga?

Akaenda kwa Minani,
fundi wa madirishani;
wavu mbovu wa jaani
akaomba, akaunga.

Mbao za kreti la soda,
misumari ya ziada,
nami nikiwa msaada,
chekeche akalifunga.

Na mtaji? Msimbazi,
si zawadi, deni wazi;
bibi hana upuuzi,
katoa fundo la kanga.

Sado mbili kanunua,
akachekecha kwa jua;
mchanga ukawa mvua,
kwa bakuli nikakinga.

Kumbe hapo pana jambo:
sado zimeshuka tumbo,
robo imekwenda kombo,
hasara inatusonga.

"Urudishe!" nikasema,
"sado zitajaa vema."
Akanitazama: "Koma!
Jino la pili walenga?"

Bei akaipandisha,
wateja ikawatisha:
"Mia tatu! Wazidisha,
unatufanya wajinga!"

Hadi jua la utosi
hajauza, wasiwasi;
nzi wafika kwa kasi,
mimi nikawa napunga.

Ghafla akaniambia,
"Lile bakuli, kimbia!"
Mezani akalitia,
limejaa tu mchanga.

Kaandika kwa makaa,
boksi lililochakaa:
"Huu nao ni dagaa?
Mmelipia mchanga."

Mama lishe kasimama,
akasoma, kainama,
bakuli akalipima,
kicheko kikamzonga.

"Wateja hunilaumu:
mchuzi wangu mtamu,
lakini chini mgumu!
Nipe kopo tano, funga."

Mmoja akawa saba,
dagaa wakawa haba,
nami nikaleta toba
kwa jinsi nilivyopinga.

Usiku, kwenye kitabu,
akazichapa hesabu;
deni la bibi, wajibu,
la kwanza akalitenga.

Pili, sado mbili kesho;
langu nami, la kijasho,
mia nane, ndiyo mwisho,
nikanunua karanga.

Si wote waliopenda:
Misago, mwenye kibanda,
akanuna kama punda,
eti mdomo twachonga.

Wiki mbili, naye huyo,
kaja kimya, si kwa moyo,
kuuliza, "Sasa hayo
machekeche, mnaunga?"

Tukaunga. Kwa malipo.
Nusu kabla, papo hapo;
Butoyi hana mkopo
hata ukimpa kanga.

Bibi sasa ana pengo,
analitia maringo:
"Hapa ndipo penye lango
riziki ilipogonga."

Na bakuli? Mezani tu.
Hatuuzi hicho kitu.
Jioni, pasipo mtu,
nauhesabu mchanga.