Beti

Waliniita Upper Hill, ghorofa ya kumi na tisa,
wakanipa maji ya chupa na kiti kinachozunguka.
"Tunataka beti," akasema Mwende, meneja wa chapa,
nami, mjinga wa Pumwani,
nikadhani ni beti.

Kumbe ni kampuni ya kubeti.
Mechi za Jumamosi, mkeka wa shilingi ishirini,
na vijana wa Gikomba waliokwisha kuuza viatu vyao.

Hata hivyo niliandika.
Mshororo mmoja tu niliulalia usiku nne,
nikihesabu vidole juu ya blanketi, nane kwa nane,
kama nilivyofundishwa na Tatu Mwinyi, mshona kanzu wa Digo Road,
aliyewahi kufumua shingo nzima
kwa tundu moja la sindano lililokaa upande,
tundu ambalo mteja asingeliona mpaka azikwe.

*Kijana, tupa karata; bahati haina mwana.*

Mwende aliusoma mara mbili. Akanyamaza kidogo.
Kisha akamwita Ambani, mtu wa hesabu,
akaja na kikokotoo.
Bango la Thika Road hulipiwa kwa wiki, akasema,
na watu wanapita mbio.
Mizani kumi na sita ya nini? Nane zinatosha.

Utao ukakatwa.
Pale nilipokuwa nimeacha pumzi
wakaweka namba ya kulipia.

Sikubisha. Lazima niliseme hilo.
Nilidaiwa kodi ya miezi miwili,
na mkopo wa simu ulikuwa ukizaa nikilala.
Pesa ziliingia saa kumi na dakika tano;
kabla lifti haijafika chini
mkopo ulishameza nusu.

Sasa bango linawaka Pangani
hata stima zikipotea mtaani kote.
Jana msukuma mkokoteni mmoja alisimama chini yake,
magunia ya viazi yakimngoja,
akasoma kwa sauti: "Kijana, tupa karata..."
Akangoja. Akatazama ukingo wa bango,
kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.
"Hii inachechemea," akaniambia.
"Mguu wa pili uko wapi?"

Ulikuwa mfukoni mwangu,
nyuma ya risiti ya unga.

Nilipoutoa
alikwisha kuinamisha kichwa,
kidole gumba kikibonyeza namba, moja moja,
na midomo ikihesabu.