Kibao

Lugha yangu hupunguza kitu kwa kukishika kichwani:
ubao, kibao.
Kifaransa hukishika mkiani:
planche, kisha planchette,
kama mtu afungaye mlango taratibu, mtoto asiamke.

Ndiyo maana Anselme Vuillemin, seremala wa Besançon,
alicheka wale mabibi wawili walipoleta agizo:
kibao chenye umbo la moyo, magurudumu mawili ya mfupa,
na mbele tundu la kuchomeka penseli.
"Chaitwaje?"
"Planchette."
"Hilo si jina, bibi. Planchette ni hizi,"
akavisukuma kwa ncha ya kiatu vipande vya chini ya msumeno,
"kuni za asubuhi. Au ile pale, rafu ya chumvi."

Akakichonga hata hivyo, kwa mti wa mjozi.
Alichonga viwili. Kimoja hakikuchukuliwa.

Usiku Honorine, mkewe, akakiweka
juu ya karatasi iliyofungiwa misumari.
Mwana wao Théophane hakuwa amerudi kutoka Krimea,
wala yeye, wala barua, wala buti zake.
Wakaweka vidole, vyepesi,
kama unavyougusa uji kujua umepoa.
Kikatulia.
Mshumaa ukafupika.
Kisha kikaguna, kikatambaa, kikasimama.

"Kinasemaje?" Anselme hakujua kusoma.
Honorine akasogeza mwanga.
Si jina. Si neno.
Mstari, na mstari mwingine ukiukata:
alama ile ile ambayo Anselme huichora kwa mkaa
upande mzuri wa ubao, upande wa kutazamwa na watu.
Ile ambayo Théophane, tangu ana miaka sita,
aliichora juu ya kila alichokipenda:
mkate, ndoo, mgongo wa dada yake.

Hawakuulizana nani aliyesukuma.

Kwetu kibao pia ni kofi.
Kwetu husemwa kibao kimegeuka
mcheka watu akibaki na machozi yake.
Nimeyajaribu yote mawili juu ya seremala huyu,
hayakumkaa; yalikuwa makubwa mabegani.

Najua tu kwamba wateja walipouliza kile cha ukutani ni nini,
alijibu, "Planchette,"
bila kucheka,
akiushusha mkia wa neno polepole.
Chumvi ilikuwa imehamia dirishani.