Utambi wa Maji

Jumanne, saa tisa alasiri, Sikonge.
Nafungua kisanduku cheupe chenye mbavu za mbao
na nyuki watatu wamenitangulia,
wameinamia utambi wa bafta
uliofungwa shingoni mwa kipimajoto cha pili.
Wanakunywa.
Kijito cha nyuma ya ghala la tumbaku kimebaki nyufa,
basi wamekigundua kikombe changu cha serikali.

Nawapuliza taratibu. Nasubiri zebaki itulie.
Kikavu: thelathini na nne, nukta mbili.
Kibichi: kumi na saba kamili.
Kati ya namba hizo mbili kuna pengo,
na moto hupenda kulala penye pengo.

Unyevu kumi na sita kwa mia.
Upepo wa kusini-mashariki, wa kushtukiza,
kama mtu aliyekumbuka kitu njiani akageuka.
Siku mia moja thelathini na moja bila tone.
Nakunja unyasi kiganjani. Unasema: ka.
Na juu yake mitundu imetoa majani machanga, mekundu,
wiki kadhaa kabla ya mvua, kwa deni;
mgeni akiliona pori kwa mbali
atadhani limeshashika.

Nampigia Kalekwa wa misitu, kule Ipole:
Alhamisi andika nyekundu.
"Nyekundu ya kweli, au ya mwaka jana?"

Mwaka jana nilisema nyekundu siku tatu mfululizo
na hapakuungua hata fagio.
Kwenye mizani ya tumbaku wakanipa jina, Mama Moto,
na watoto wao wakalipokea.

Jioni kaka yangu Lugembe, mwenye mizinga sitini ya magome:
"Nirine Alhamisi?"
Usiwashe kitu.
Kimya. Nasikia kucha zikikwaruza kidevu.
"Na nyuki niwaambie nini?"

Alhamisi ilifika na thelathini na tano zake.
Upepo ulitikisa bati la ofisi tangu saa nane,
nami nikatazama kusini, tonge mkononi,
mpaka ugali ukakauka ukawa na ngozi.
Kila vumbi la ng'ombe nililiita moshi.
Jua likazama safi, bila hata uzi mmoja angani.

Fomu ya Ijumaa ina safu: *Moto uliotokea.*
Naandika sifuri.
Mkubwa wangu wa Tabora mjini anauliza kwa simu,
kwa upole, na huo ndio ulioniuma:
"Kwa hiyo tuseme utabiri ulikosea?"

Nimjibu nini?
Safu ya moto uliowaka ipo.
Ya njiti iliyorudishwa kiberitini haipo.
Wala ya mvutaji aliyesaga kishungi kwa kisigino
akaondoka, akarudi, akasaga tena.
Nikasema, ndiyo, mzee, au hapana,
na mtandao ukakatika kwa huruma yake.

Lugembe alikuja usiku huo na chupa ya asali nyeusi.
Alikuwa amekwenda. Saa kumi alfajiri, upepo ukiwa usingizini,
alikwangua majani hatua sita kuzunguka shina,
akarina, akashuka,
akauzamisha mwenge kwenye ndoo mpaka ukalia.
Hakunitii.
Au alinitii kwa lugha ya mikono yake,
ambayo haina nyekundu wala kijani,
ina saa kumi na ndoo.
Nimeionja. Ina moshi kidogo, kwa mbali.

Jumamosi, saa tatu asubuhi.
Leo nyuki ni saba.
Kanuni inasema utambi usiguswe na kitu chochote.
Naongeza maji kikombeni hadi ukingoni,
na chini, kwenye kivuli cha mguu wa kisanduku,
nawawekea kisosi chao peke yao.

Kisosi hawakitaki.
Nimesimama, kalamu sikioni,
nikingoja zamu yangu ya kusoma.