Mizani ya Sungai Landai

Kazi yangu ni kilo.
Lori hupanda bamba la chuma, bamba hulalama,
sindano hutetemeka, nami naandika,
nikitoa tatu katika mia kwa ajili ya maji na mabua,
na mwenye mzigo hunitazama kama aliyeibiwa.
Miaka kumi na minane hapa Jambi. Sijawahi kupima
kitu kisichouzwa.

Wagiman alileta chikichi kila baada ya wiki mbili:
kilo elfu moja mia moja na arobaini, zaidi kidogo, pungufu kidogo.
Nikiona lori lake la buluu
niliandika kabla sindano haijatulia.

Akaja Rosmaida, wa Chuo Kikuu,
buti zimemzidi miguu, daftari ndani ya mfuko wa nailoni,
akaomba neno ambalo hata mkwe hamwombi mkwewe:
nikatie michikichi yako.
Si yote. Minne katika kila kumi, pale katikati tu,
nipande mdoriani, mjengkoli, miti iliyokuwapo kabla yenu,
kisha nikae nihesabu.

Wagiman akasema atafikiri.
Painem, mkewe, akauliza:
na karo italipwa na nani wakati wewe unafikiri?
Chuo kikalipa fidia. Haikutosha. Ikapokelewa.

Msumeno ulilia siku mbili.
Michikichi aliyoipanda kijana, yeye na marehemu baba yake,
ilianguka kama watu waliochoka kusimama.
Wiki iliyofuata: mia tisa na sitini.
Nikamwambia mbele ya foleni,
Wagiman, siku hizi unafuga kivuli?
Foleni nzima ikacheka. Naye akacheka,
kicheko cha kulipa deni.

Jioni moja yule msichana akanijia kituoni
akitaka vitabu vyangu vya zamani, vyote,
vile vilivyoliwa na mende pembezoni.
Hakuna mtu aliyewahi kuviulizia.
Akanakili hadi taa ikavutia kumbikumbi,
kisha akatoa mizani yake mwenyewe,
ndogo kama sahani ya chai, imejengewa kijumba cha kioo
ili pumzi isiiguse.
Akaweka juu yake fukusi mmoja.
Huyu, akasema, ndiye abebaye vumbi la ua dume
kulipeleka kwa ua jike. Bila yeye, mkungu ni mabua.
Nikamchukua kwa ncha ya kidole
nikamweka kwenye bamba langu.
Sindano haikujua kama kuna mtu.

Tani zote zile, miaka yote ile.

Mwaka wa nne michikichi iliyozunguka kisiwa cha miti
ilizaa mikungu ya kumvunja mtu mgongo: jua limeipata ubavuni.
Elfu moja na sitini.
Naandika kama ilivyokuwa: haikufika pale pa zamani.
Sahrul, jirani, akasema kilo themanini zilizopotea
ni kilo themanini.
Hakukosea. Rosmaida naye alisema hakukosea,
akaliandika hilo kwenye tasnifu yake, nimeliona,
katika jedwali, bila kulivisha nguo.

Ila siku ya kuaga alinivalisha vinasa sauti masikioni.
Usiku wa kisiwani: vyura, wa aina tatu, kisha wa nne
kama mlango wa kabati;
popo wakinyonya maua; ndege nisiyemjua
akiuliza jambo lilelile, hajibiwi.
Na mbali, nyuma ya wote,
mlio wa chuma, mrefu, wa kulalama.
Nini hicho?
Wewe, akasema. Lori la saa tatu.
Nikamwomba anifute.
Akasema haiwezekani, mimi ni data.

Leo asubuhi Sahrul amepandisha lori lake, hakushuka.
Amezungusha usukani huku na huku, gari limesimama.
Yule mwanafunzi, ameniuliza akitazama barabarani,
bado anakatisha watu michikichi?
Sikumjibu.
Nilikuwa nasubiri sindano itulie.