Jiwe la Mabatini

Mtetea wangu hajui kutaga kimyakimya.
Hupanda juu ya jiwe,
nusu liko uani kwangu, nusu chini ya dirisha la Nyanzobe
(huku Mabatini mawe hayana hati),
akatetea kana kwamba yai ndilo la kwanza duniani.

Saa nne asubuhi. Nyanzobe ndiyo kwanza
kavua buti za zamu ya usiku,
mikono ingali inanuka minofu ya sangara.

Siku ya tatu alikuja. Hakugomba.
Kanga kichwani, jicho jekundu:
"Jirani, huyu naye anadai nini?"

Nikampa mayai sita ndani ya kofia ya mwanangu.
Jioni kofia ikarudi
imejaa unga wa mapanki.
"Wape. Labda watanyamaza."

Wakala. Loo, walivyokula!
Aliyekuwa akitaga leo, kesho anapumzika,
sasa hapumziki,
na dada zake nao wamejifunza kupanda jiwe.

Jana nikasikia dirisha likifunguka.
Nikajibanza nyuma ya pipa.
"Mangapi leo?"
"Saba," nikajibu, sijatoka.
"Manne yangu."
Akafunga.