Nimeukata Mlima

Siku ya tatu ndani ya kibanda cha turubai
nanuka pakanga, samadi na supu ya jana.
Magoti yamekufa ganzi.
Mbele yangu nyasi, nyuma yangu nyasi,
na katikati ya nyasi nguzo moja ya umeme
iliyosahauliwa na serikali iliyoisimika,
haina waya, haina kazi,
ila juu yake kozi amefanya makao.

Kiota chake nimekisoma kwa lenzi ndefu:
singa za farasi, mfupa wa mbuzi,
kamba ya kiatu, kipande cha gunia la mchele,
na utepe wa hariri ya buluu
ambao mtu aliufunga mahali akiomba mvua.
Makinda manne, manyoya ya pamba, macho ya wadai.

Nergui huniletea chai ya chumvi kwa pikipiki.
Huizima mbali, akaja akitambaa
kama nilivyomfundisha.
Hapana. Yeye ndiye aliyenifundisha.
Ana miaka kumi na mitatu, na maana ya jina lake ni Hana-Jina:
walimtangulia wawili, hawakufikisha arubaini,
mama yake akaona afadhali kifo kikirudi mlangoni
kisijue kimwite nani.

"Mlima ule unaitwaje?" nilimuuliza siku ya kwanza,
mimi niliyekulia ghorofa ya tano, Ulaanbaatar.
Akanitazama kana kwamba nimemtukana shangazi yake.
Mlima ukiwa unakuona, hautajwi.

Saa kumi na dakika saba upepo uligeuka.
Kozi alitoka ndani ya jua, sikumwona akitoka,
nyasi zikalala mstari mmoja,
na panya akawa chakula
kabla hajamaliza kuwa panya.
Kidole changu kilifanya kazi bila kuniuliza.
Picha thelathini na moja,
na katika ile ya kumi na tisa, kila kitu:
kucha zimefumba, bawa limekunja mwanga,
jicho linanitazama mimi, si lenzi, mimi,
na nyuma yake, wazi kama sahihi,
mlima ule wenye mabega mawili.

Nikalia kidogo. Nergui akanywa chai yangu.

Jioni gari jeupe likaja hemani kwao.
Watu wawili wapole, viatu safi.
Wakamsifu mbwa, wakayasifu maziwa ya farasi,
wakauliza kamera kama yangu ni bei gani.
Mmoja alikuwa na glavu ya ngozi mfukoni,
ya mkono wa kushoto tu.
"Sisi tunapenda ndege," alisema. "Tuonyeshe."
Nikamwonyesha bata.
Akacheka. Akatoa noti, akaziweka juu ya sanduku,
akazinyoosha moja moja kwa kiganja
kama anayepiga pasi.
Mama yake Nergui alizitazama kwa muda unaotosha
kununua turubai jipya, jino, mwaka mzima wa shule.
Kisha akatia samadi jikoni,
akasema mbuzi hawajakamuliwa.

Usiku, kwa mwanga wa kompyuta, niliikata picha.
Bega la kushoto kwanza. Halafu la kulia.
Halafu nguzo. Halafu ule mstari wa upeo
ambao mchungaji yeyote angeutambua
kama kikohozi cha baba yake gizani.
Kila nilipokata, uzuri ulipungua kidogo.
Wakabaki ndege, panya, na rangi ya nyasi
ambazo zingeweza kuwa za popote.

Fomu ya mashindano inataka kujua picha ilipigwa wapi.
Kisanduku kina nyota nyekundu, hakikubali kuachwa wazi.
Nikakaa. Jiko likapoa.
Nergui alikuwa amelala sakafuni na buti zake miguuni.
Nikaandika jina lake.